Shoka refu la Kideni: nakala ya bei ya kati mbele ya kitambaa cha Bayeux

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kichwa cha nakala hii kina gramu 1,150, mpini wa sentimita 120 una gramu zipatazo 540, na jumla yake haifiki kilo 1.7. Mtu aliyezoea shoka la kupasulia magogo akiliinua hudhani ameuziwa pambo la ukutani. Hapana. Shoka la vita lilikuwa jepesi, na wepesi huo ndio uliolifanya liogopwe. Hiki kichwa bado ni kizito kupita kiasi, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa.

Tunazungumzia shoka la mikono miwili, lile ambalo Jan Petersen, mwanaakiolojia wa Norway, alilipa herufi M alipozipanga silaha za Waviking mwaka 1919. Lilitumika mwishoni mwa karne ya 10 na katika karne ya 11, kuanzia Skandinavia na Uingereza hadi Konstantinopoli. Bapa lake ni pana na jembamba, shingo imebanwa, na pembe mbili za makali zimetanuka juu na chini. Nakala za bei ya kati zinauzwa kwenye intaneti kwa dola 100 hadi 180 kabla ya gharama za kusafirisha. Huwa zimefuliwa kwa chuma chenye kaboni ya wastani, mpini ni wa mti wa Ulaya uitwao ash, na mnunuzi huchagua butu au lililonolewa. Hii tuliyoipima ni mojawapo, ya butu. Kama zilivyo nyingi, inauzwa kwa ahadi kwamba ni sawasawa na mashoka ya Bayeux. Basi na tuipeleke Bayeux.

Kitambaa kinaonyesha nini hasa

Kitambaa cha Bayeux, mji wa Ufaransa, ni kitani chenye urefu wa mita 68 na ushei na kimo cha nusu mita hivi, kilichodariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya 11, baada ya mapigano ya Hastings ya tarehe 14 Oktoba 1066, ambapo Duke William wa Normandy alimshinda Harold, mfalme wa Uingereza. Mashoka yamejaa humo, lakini si ya aina moja, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kufungua macho.

Kwanza kuna ya mafundi. Pale Duke William anapoamuru meli zijengwe, wakataji wanaangusha miti, kisha seremala mmoja anachonga ubao uliobanwa kwenye panda ya mti. Ukilitazama shoka lake kwa karibu utaona umbo la herufi T: shingo nyembamba, halafu makali marefu yaliyonyooka, na mpini mfupi. Hicho ni chombo cha kusawazisha mbao za meli. Kuna wauzaji wanaochukua umbo hilo hilo, wakalitia mpini wa mita moja na robo, wakaliita shoka la vita. Ukiona makali yamenyooka kama rula na shingo imekatika ghafla kama ya T, umeonyeshwa shoka la seremala. Nakala yetu haina kosa hilo. Makali yake ya sentimita 24 yamepinda taratibu na pembe zimetoka vizuri, ya juu ikiwa imechongoka zaidi kidogo kuliko ya chini.

Halafu kuna mashoka ya wenye hadhi. Guy, mtawala wa Ponthieu kaskazini mwa Ufaransa, anawapokea wajumbe wa William akiwa amesimama, shoka refu mkononi, ilhali hakuna vita mahali pale. Harold anapopewa taji baada ya kifo cha Mfalme Edward, shoka limo katika tukio hilo pia. Anayeshika shoka hapa si mtu aliyekosa upanga akaokota kifaa cha shambani. Ni mtu anayeonyesha mamlaka. Ndiyo maana kichwa cha shoka kilichopatikana Mammen, Denmark, mwaka 1868, ndani ya kaburi la mwaka 970 au 971, kimepambwa kwa fedha iliyopigiliwa kwenye chuma pande zote mbili. Na ndiyo maana mabaki ya mpini wa shoka la Langeid, Norway, yana kanda ya shaba ya manjano iliyozungushiwa chini ya kichwa. Nakala yetu haina pambo lolote, jambo ambalo hatulilaumu hata kidogo. Bora chuma kitupu kuliko michoro ya kuchomwa kwa leza, ambayo siku hizi inabandikwa kwenye kila kitu chenye jina la Viking.

Mwisho kuna mashoka ya vitani. Walinzi wa Harold, wamevaa deraya za vipete na kofia za chuma zenye kinga ya pua, wanayazungusha kwa mikono miwili dhidi ya wapanda farasi. Leofwine, nduguye Harold, anakufa shoka likiwa mkononi. Na katika tukio la kuuawa kwa Harold, mtu anayeangushwa na mpanda farasi ameachia shoka lake, nalo linaanguka pembeni yake. Ukiwatazama walioshika kwa mikono miwili utagundua jambo ambalo maelezo ya dukani hayalisemi: mtu huyu hawezi kushika ngao. Ama ameivaa mgongoni kwa mkanda, ama anamtegemea mwenzake wa pembeni. Kwa hiyo silaha yenyewe lazima irudi haraka baada ya kila pigo, na hilo haliwezekani kichwa kikiwa kizito.

Unene wa bapa

Tulipolipima bapa katikati, nusu ya njia kati ya tundu la mpini na makali, lilikuwa na milimita 5. Vichwa vya aina M vilivyohifadhika vizuri huwa na milimita 2 hivi mahali hapo. Shoka la Langeid, lililofukuliwa mwaka 2011 kwenye kaburi la bonde la Setesdal, leo lina gramu 550, na lilipokuwa jipya linakadiriwa kuwa lilikuwa na gramu 800 tu. Linganisha na 1,150 za nakala yetu.

Mhunzi wa zamani hakufanya bapa jembamba kwa sababu ya ubahili wa chuma. Alifua mwili kwa chuma laini, akaacha shavu nene kuzunguka tundu, akalinyoosha bapa mpaka likawa kama karatasi nene, kisha akaunga kwa moto ukanda wa feleji ngumu kwenye makali. Pale pa kuungia palibaki pananenepa kidogo, kama mshipa unaokwenda sambamba na makali. Mshipa huo unaupa ukingo nguvu bila kulipa bapa zima uzito. Watengenezaji wa bei ya kati huliruka jambo hili kwa sababu bapa la milimita 5 linasagwa kwa mashine haraka na halipindi likitumbukizwa kwenye maji ya kupozea chuma. Bapa la milimita 2 hujikunja kama jani likipozwa vibaya, na kila lililojikunja ni hasara kwake.

Je, linarekebishika? Ndiyo, tena kwa kazi ya siku moja. Eneo la kusagwa kwenye bapa hili ni sentimita za mraba 170 hivi, kwa hiyo kila milimita unayoiondoa hupunguza gramu 130 na kitu. Ondoa milimita 2 na utafika karibu na gramu 880, ambapo shoka linaanza kujibu mkono. Mpe fundi mwenye mashine ya mkanda wa msasa na umwambie mambo matatu. Asiguse sentimita 3 za mwisho kabla ya makali, ili pabaki panene kama ule mshipa. Asiguse mashavu ya tundu, ambayo kwenye nakala hii yana unene wa milimita 5 na hayana cha ziada. Na achovye kwenye maji kila baada ya mapito machache, akiwa ameshika bapa kwa mkono usio na glavu: likimuunguza, aache. Chuma kikishageuka buluu kimeshapita nyuzi joto 290 hivi, na ugumu uliowekwa kiwandani umeanza kuondoka. Grenda ya mkononi ndiyo huharibu zaidi, maana hupasha ukingo joto katika sekunde chache kabla macho hayajaona rangi.

Ugumu wenyewe tuliujaribu kwa tupa. Tupa mpya ikiteleza juu ya makali kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitavunjika vipande. Ikiingia kwa urahisi kama kwenye msumari, ni laini mno na makali yatalala. Hapa tupa iling'ata, lakini kwa kuisukuma. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mpini: pazuri, isipokuwa sehemu mbili

Wasomaji waliozoea shoka la kienyeji la Afrika Mashariki watashangazwa na mpangilio wa hili. Kwetu chuma kina mkia, mkia unapenyezwa kwenye kirungu cha mpini kwa kutoboa na moto, na kila pigo linazidi kuukaza. Hili la Kizungu ni kinyume chake: chuma ndicho chenye tundu, na mbao ndiyo inayopenya. Pigo haliukazi, linautikisa. Usalama wote uko kwenye kabari moja ya mbao iliyogongewa juu, na kwa hiyo ndiyo ya kukagua kabla ya kitu kingine.

Kwenye nakala yetu kabari ni ya mbao ngumu, imeingia theluthi mbili ya kina cha tundu, na juu yake imemwagiwa gundi ya epoksi. Gundi hatuipendi. Inaficha nafasi tupu, na mbao inaposinyaa gundi hukatika kwa mara moja badala ya kulegea polepole ambako ungekusikia. Dalili ya kulegea ni sauti: gonga kitako cha mpini chini na usikilize. Mlio mkavu mmoja ni sawa. Mtetemo kama wa sarafu kwenye kopo maana yake kichwa kinacheza.

Aliyelinunua akiwa Ulaya kwenye unyevu akalipeleka Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi atausikia mtetemo huo ndani ya wiki chache. Dawa inayopendekezwa na watu wengi, yaani kukiloweka kichwa kwenye maji usiku kucha, ni mbaya. Mbao inavimba ndani ya tundu, nyuzi zake zinajiponda dhidi ya chuma, na ikikauka inabaki nyembamba kuliko mwanzo. Ng'oa kabari, chonga nyingine nene zaidi kwa milimita moja au mbili, igonge ikiwa kavu, kisha nyonyesha kichwa cha mpini mafuta ya kitani mara tatu kwa siku tatu. Na vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae.

Sasa hizo sehemu mbili. Ya kwanza: mpini ni mviringo kamili, milimita 32 kila upande. Mpini mviringo haukuambii makali yanaelekea wapi. Kwa shoka lenye bapa pana hivi, likigeuka nyuzi 15 tu mkononi, bapa linatua kwa ubavu na mpini unapokea mpindo wote. Uchonge kwa tupa la mbao mpaka uwe wa yai, milimita 35 kwa 25 kama mbao inaruhusu, au hapa 32 kwa 25, urefu wote wa chini ya kichwa. Ni kazi ya saa mbili, na hakuna rekebisho jingine lenye faida kubwa kuliko hili kwa gharama ndogo.

Ya pili: vanishi. Inang'aa dukani, inateleza ikipata jasho, na inachubua kiganja kwa sababu mkono wa juu wa mwenye shoka refu hautulii. Unateleza kwenda chini kila anapopiga na kurudi juu kila anapoinua. Ikwangue kwa msasa namba 120, malizia na 220, upake mafuta.

Nyuzi za mbao kwenye mpini wetu zilikuwa nzuri. Tazama kitakoni: mistari ya umri wa mti inatakiwa iende upande mmoja na bapa, isilikate. Kisha fuata mstari mmoja ubavuni kutoka chini kwenda juu. Ukitokea nje ya mbao kabla hujafika sentimita 40, rudisha shoka, kwa sababu hapo ndipo litakapokatika. Mipini hukatika, hata ya wafalme. Tarehe 23 Juni 1314 huko Bannockburn, Robert Bruce wa Scotland alimpasua kichwa Henry de Bohun kwa shoka, na mpini ukavunjika mkononi mwake kwa pigo hilo hilo. Atakayevunja wake akiwa Tanzania au Kenya asihangaike kuagiza ash. Mkole, unaotumika tangu zamani kwa mipini na pinde, unastahimili mtikisiko vizuri. Mkwaju nao unafaa ingawa ni mzito zaidi. Mninga tusingeuweka, pamoja na uzuri wake wote, kwani hapa tunahitaji mbao inayopinda kabla ya kuvunjika.

Urefu, na tahadhari kuhusu picha

Sentimita 120 ni nyingi? Mpini wa Langeid umekadiriwa sentimita 110 hivi. Kwenye kitambaa cha Bayeux shoka likisimamishwa chini hufika kifuani mwa mtu au kupita. Kwa mtu mwenye kimo cha mita 1.80 urefu huu uko sawa. Mwenye mita 1.65 na akate sentimita 10 za chini, si za juu, kisha azungushe kitako kwa tupa kisije kikachubua.

Lakini usiuchukue mchoro na rula. Msanii hufuata nafasi aliyonayo. Mfano ulio wazi zaidi uko Norway kwenyewe: simba wa nembo ya taifa ameshika shoka la Mtakatifu Olav, mfalme aliyeuawa Stiklestad mwaka 1030. Kadiri karne zilivyopita wachoraji waliurefusha mpini, mwishowe ukapinda chini ya miguu ya simba ili ujaze ngao, na ikabidi amri ya mwaka 1844 iurudishe kuwa mfupi. Hakuna askari aliyewahi kubeba shoka lenye mpini wa upinde namna ile. Mdarizi wa Bayeux naye alibanwa na mipaka ya juu na chini ya kitambaa chake. Picha zinatufaa kwa namna ya kushika, kwa umbo la kichwa na kwa kujua nani alishika. Kwa milimita, nenda kwenye vyuma vilivyofukuliwa.

Kwa namna ya kushika, mkusanyiko mwingine wenye thamani ni hati yenye picha ya Skylitzes, mwanahistoria wa Bizanti, iliyoko Maktaba ya Taifa ya Hispania, Madrid, iliyochorwa Sicily katika karne ya 12. Humo walinzi Wavarangi, askari wa kukodi kutoka kaskazini ya Ulaya, wa mfalme wa Bizanti wamesimama na mashoka yao. Anayeandaa igizo la jukwaani atajifunza humo namna ya kusimama zamu, jambo ambalo Bayeux, yenye vurugu nyingi, haina nafasi ya kulionyesha.

Kwa kazi gani

Kwa jukwaa, filamu na onyesho la shuleni, butu hili linafaa mara moja ukishaondoa vanishi. Makali yana unene wa milimita 2 na pembe zimezungushwa. Hata hivyo butu si salama: kilo moja mwishoni mwa mpini wa sentimita 120 huvunja mfupa bila makali. Igizo lolote ambalo shoka linagusa mtu litumie la mpira, na hili libaki kwa picha za karibu, ambapo mlio na mng'ao wa chuma halisi hauna mbadala.

Kwa kuni, hapana kabisa, hata ukilinoa. Bapa jembamba lenye pembe ndefu likinasa kwenye gogo na ukalitikisa kulitoa, pembe ya chini hupinda au kukatika.

Kwa mkusanyaji anayetaka kitu kinachokaribia cha karne ya 11, hesabu ni hii: bei ya shoka, pamoja na siku moja ya fundi wa kusaga na saa mbili zako za tupa la mbao. Ukifanya hivyo, mizani itatokea sentimita 20 na kidogo chini ya kichwa ukililaza juu ya kidole, na utahisi tofauti kabla hujaipima. Asiye na fundi wa kuaminika na aongeze fedha amwagize mhunzi anayefua mwenyewe, na katika oda aandike wazi: bapa milimita 2 hadi 2.5 katikati, mshipa nyuma ya makali, kichwa kisichozidi gramu 900, tundu lenye umbo la yai au la herufi D. Mhunzi akijibu kwamba jembamba namna hiyo litapinda, tafuta mwingine.

Ufungaji ulikuwa wa kawaida, na ala ya ngozi haimo. Shona moja ya ngozi ya milimita 3, weka mkanda wa ngozi ndani kwenye mstari wa makali ili nyuzi zisikatwe, na usilihifadhi shoka ndani yake, kwani ngozi hunyonya unyevu na hasa pwani utakuta kutu ndani ya mwezi. Lipake mafuta mepesi, lining'inize kichwa juu.

Anayetaka kuona yenyewe, si picha: makumbusho ya Bayeux yamefungwa tangu Septemba 2025 kwa ukarabati, na kitambaa kimepangwa kuonyeshwa British Museum, London, kuanzia Septemba 2026 hadi Julai 2027. Nenda na daftari, na usimame muda mrefu zaidi mbele ya yule seremala na ubao wake.